Mdudu wa Kidole

Kuku walikuwa sitini, na kidole kilichouma kilikuwa kimoja.

Shangazi alimtoa kuku wa kwanza kwenye sufuria, akamweka juu ya meza ya bati, akasubiri mvuke upungue, kisha akaanza kumchambua. Nyama huku, mifupa kule. Mkono wa kulia ulifanya kazi kwa vidole vinne. Cha shahada alikinyoosha juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Alikuwa amekifunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki na uzi mweusi wa cherehani. Chini ya plastiki, pembeni mwa ukucha, ngozi ilikuwa imevimba ikang'aa, na katikati yake palikuwa na doa la manjano. Watu huuita ugonjwa huo mdudu wa kidole. Wake ulianza Alhamisi, alipochomwa na ncha ya mfupa.

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mafundi cherehani mia mbili na themanini waliokula chakula chake kila mchana walimwita Shangazi, labda kwa sababu alikuwa na sura ya mtu atakayekuuliza kama umekula kabla hajakuuliza hali. Alikuwa amepika pale miaka tisa, na miaka yote tisa alikuwa kibarua wa kutwa. Akija ana kazi. Asipokuja, hakuna anayeuliza yuko wapi.

Zamani kuku walipikwa asubuhi wakaliwa mchana, na mifupa yao. Lakini kiwanda kilipopata oda kubwa ya mashati, ofisi ilikata muda wa chakula kutoka dakika arobaini hadi ishirini na tano. Kisha mtu wa ofisini akaja kusimama mlangoni mwa kantini na saa yake, akatazama watu wanavyokula, akagundua kwamba kinachowachelewesha ni mifupa. Amri ikatoka: kuku asiwe na mifupa. Hakuna aliyeuliza ni nani ataitoa, wala saa ngapi. Kuku sitini hawachambuliki asubuhi moja kwa mikono ya watu wawili. Ndiyo maana walichemshwa Jumatatu mchana, wakachambuliwa Jumatatu jioni, ili waliwe Jumanne.

"Shangazi, upumzishe huo mkono," alisema msaidizi wake, mwanamke mrefu mwembamba ambaye jikoni pale walimwita Twiga. "Niachie hao waliobaki."

"Na mchele wa kesho atauchagua nani? Chambua wako, nichambue wangu, twende zetu nyumbani."

Hakuwa mkaidi. Asubuhi ile ile alikuwa amepitia zahanati. Tabibu alikibinya kidole mpaka akaona nyota, akampa vidonge, akamwandikia karatasi: mgonjwa asishike chakula kwa siku tatu. Shangazi akaipeleka karatasi hiyo moja kwa moja kwa Bwana Funguo, msimamizi wa kantini, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya lundo la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. Ungemsikia kabla hujamwona.

Bwana Funguo aliisoma akiwa amesimama.

"Siku tatu?"

"Ndivyo alivyosema tabibu."

"Na tabibu ndiye atakayekuja kupika?"

"Basi nipatie glavu, bosi. Hata jozi moja."

"Glavu ziliisha."

Kweli ziliisha. Kulikuwa na boksi moja, lililoletwa siku ya ukaguzi na kuondoka na ukaguzi.

"Funga plasta," alisema Bwana Funguo. "Kwani unapika kwa kidole kimoja? Shangazi, mimi nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini pale getini kuna wanawake sita, tangu alfajiri wanaulizia kazi ya jikoni. Sasa niambie, nikuandikie siku tatu au nikuandikie siku zote?"

Aliikunja karatasi ya tabibu mara nne, akaitia mfuko wa shati. Shangazi akarudi jikoni.

Alipofika kuku wa ishirini na kitu aliona plastiki imechanika. Hakujua ilikuwa imechanika tangu lini. Akaosha mkono kwa maji, akakata kipande kingine, akafunga. Doa la manjano lilikuwa limepasuka. Maumivu yakapungua ghafla, kama mtu aliyetua mzigo, na Shangazi akashukuru Mungu kwa hilo.

Friji lilikuwa pale pale ukutani, kubwa kama kabati la nguo. Lilikuwa limezimika wiki tatu zilizopita. Bwana Funguo aliambiwa mara ya kwanza akasema fundi anakuja, akaambiwa mara ya pili akasema kwani hamjawahi kula kiporo majumbani mwenu. Sasa ndani yake mlikuwa na aproni na miche ya sabuni. Nyama waliitia kwenye sufuria nne, wakazifunika, wakazipanga sakafuni chini ya dirisha, mahali penye upepo kidogo.

"Italala salama," alisema Twiga, akiangalia zile sufuria kwa jicho la wasiwasi.

Jumanne asubuhi Shangazi alifunua, akanusa. Hakuna harufu. Nyama ilikuwa na rangi ile ile. Akaitia kwenye mchuzi, akachochea moto, akaiacha ichemke mpaka ikabubujika na kumrukia mikononi. Saa saba kamili kengele ililia na mstari ukajipanga dirishani.

Katika mstari huo alikuwamo mdogo wake, tumbo mbele. Yeye alishona kola, laini ya tatu, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Kazi ile alitafutiwa na Shangazi mwenyewe.

"Dada, leo nina njaa ya watu wawili."

"Ndiyo maana nakuwekea ya watu wawili," alisema Shangazi, akamwongezea upawa wa pili, nyama tupu. Mtu wa nyuma akalalamika kwamba upendeleo umezidi. Shangazi akamwambia apate mimba kwanza, ndipo aje kudai. Watu wakacheka. Ilikuwa siku nzuri kufikia hapo.

Jikoni walizoea kelele za vyerehani kama mtu anavyoizoea mvua juu ya bati. Saa tisa kasoro mvua ile ilianza kukatika. Kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Shangazi aliinua kichwa kutoka kwenye sinki. Twiga akafunga bomba. Wakasikia kiti kikianguka, na sauti ya mwanamume ikipiga kelele: "Tapikeni nje! Nje! Mashati hayo, jamani, mashati!"

Shangazi alikimbia na sabuni mikononi. Katika laini ya kwanza watu walikuwa wameinamia ndoo za vitambaa. Wengine walikuwa njiani kuelekea chooni wakashindwa kufika. Mwanamume mmoja mnene, fundi wa vifungo, alilala ubavu chini ya meza, magoti kifuani, akilia kimya kimya kama mtoto. Na kwenye laini ya tatu mdogo wake alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine mguu wa meza.

"Dada," alisema, "nini hiki?" Akatapika tena.

Waliozidiwa walipakiwa kwenye gari la kubebea mashati. Shangazi alipanda nao bila kumuuliza mtu.

Hospitalini vitanda havikutosha. Waliwalaza wawili wawili, na wengine ukumbini juu ya mabenchi, chupa za maji zikining'inia kwenye misumari ya dirisha. Hadi saa kumi na moja walikuwa wamefika hamsini na mmoja. Muuguzi wa zamu aliwapoza ndugu waliokuwa wakilia: hii ni ya haraka, alisema, inakuja kwa kishindo na inaondoka, wengi kesho watakuwa wazima. Lakini alipofika kwa mdogo wake Shangazi, muuguzi aliweka mkono juu ya tumbo lile, akaukalisha hapo muda mrefu, na hakusema kesho.

"Linakaza," alisema. "Huyu tunamlaza. Tunataka mtoto abaki ndani."

Shangazi alitoka, akaketi mwisho wa benchi. Alikitazama kidole chake. Alikuwa amepika miaka tisa na hakuna mtu aliyewahi kushika tumbo kwa chakula chake. Alihesabu upya kila kitu: mchele, mafuta, vitunguu, maji. Kila mara hesabu ilimrudisha pale pale, kwenye kile kipande cha plastiki kilichochanika.

Binti mmoja alikuja akipita kwa wagonjwa na kasha la vichupa. Alikuwa mdogo wa umbo, koti jeupe limemzidi, miwani imefungwa kwa utepe upande mmoja. Ni wa maabara, watu walisema.

"Nani kati yenu anajua chakula kilivyopikwa?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyepika," alisema Shangazi.

Ukumbi mzima uligeuza shingo. Binti wa maabara hakumtazama usoni. Aliangalia mkono.

"Mama, hebu nione hicho kidole."

Alikifungua taratibu, akapitisha kijiti chenye pamba penye usaha, akakitia kwenye kichupa. Kisha akafikiri kidogo, akasema, "Njoo nami. Bora uone mwenyewe kuliko uje kusimuliwa na watu."

Chumba cha maabara kilikuwa na dirisha moja, sinki, na hadubini iliyosogezwa karibu na mwanga. Binti alipaka usaha kidogo kwenye kioo, akaupitisha juu ya moto, akaumwagia dawa ya zambarau, akasuuza, akamwaga nyingine, akasuuza tena. Alifanya kazi kama mpishi mzuri, bila kumwaga hata tone pasipotakiwa. Shangazi alilitambua hilo hata katika hali yake.

"Weka jicho hapa. Lile lingine lifunge."

Mwanzo aliona kope zake tu. Halafu giza likafunguka, akaona vidoa vya mviringo, vidogo ajabu, vyote vya kimo kimoja, zambarau iliyokolea. Havikutawanyika. Vilibanana kwa mafungu, kama vishada vya zabibu.

"Hao ndio mdudu wangu?"

"Ndio hao. Watu wanasema mdudu wa kidole wakidhani ni usemi tu. Kumbe ni mdudu kweli, ila si mmoja, ni maelfu kwa maelfu. Sisi tunawaita stafilokoki."

"Wana sura nzuri," alisema Shangazi, akaona aibu mara moja kwa kulisema hilo, watu wakiwa wanatapika nje.

Binti wa maabara alitabasamu kidogo. "Hata mimi nilisema hivyo mara ya kwanza."

"Basi ni mimi. Nimewalisha watu usaha."

"Sikiliza, mama. Hawa unao wewe, na pengine ninao mimi." Akagusa pua yake. "Chukua watu kumi barabarani, watatu wanao puani sasa hivi na hawaumwi kitu. Vijidudu vya mviringo viko vya kila namna. Vingine tumezaliwa tukavipokea kwenye ngozi, na vinatusaidia kuwafukuza wabaya. Wako wa kukaa kama mnyororo, wale wanaoumiza koo la mtoto, na ukiwapuuza wanaweza kumharibia moyo. Wako wa kutembea wawili wawili, hao usiombe wafike kwenye mapafu ya mzee. Hawa wako wa vishada wao wanangoja tu mlango. Wewe uliwapa mlango hapo kidoleni. Lakini wakiingia kwenye chakula wachache hawamdhuru mtu. Lazima wapate joto, na wapate muda wa kuzaana. Sasa niambie, ile nyama ililala wapi?"

"Sakafuni. Chini ya dirisha."

"Friji?"

"Tumeweka aproni."

Binti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Lakini niliichemsha!" Sauti ya Shangazi ilipanda yenyewe. "Niliichemsha mpaka ikabubujika, muulize Twiga, mikono yangu hii imeungua!"

"Nakuamini. Ukichemsha wanakufa wote. Ila wakiwa hai walitoa sumu, na sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Haina harufu, haina ladha. Ungeichemsha mpaka jioni, ingebaki."

Shangazi aliketi kwenye kiti bila kuambiwa.

"Na hukwenda kutibiwa?" aliuliza binti.

"Nilikwenda. Nilipewa siku tatu. Karatasi aliichukua msimamizi."

"Nitaviotesha vijidudu hivi nilivyochukua, na vya kwenye matapishi, vizaane tuvitambue. Keshokutwa tutajua kama ni hao hao. Nitaandika yote, mama. Kidole, na friji, na karatasi ya mapumziko."

"Andika. Usinipunguzie," alisema Shangazi. "Na wao pia usiwapunguzie."

Jumatano karibu wote waliruhusiwa. Walirudi makwao wakiwa wamelegea, macho yameingia ndani. Alhamisi asubuhi kiwanda kilifunguliwa. Wodini alibaki mdogo wake Shangazi peke yake, miguu imeinuliwa juu ya mto. Tumbo lilikuwa likikaza na kuachia.

Shangazi, mkono wake sasa umefungwa bandeji nyeupe, alimletea maji ya moto na khanga safi.

"Umenikasirikia?"

"Nitakukasirikia baadaye," alisema mdogo wake. "Sasa hivi nina kazi ya kumzuia huyu asitoke. Wamekuita ofisini?"

"Saa sita."

"Wakikwambia uombe radhi, omba, dada. Mume wangu hana kazi, unajua. Mimi nikitoka hapa nataka nikute kile kiti changu cha laini ya tatu. Omba tu yaishe."

"Nitaomba," alisema Shangazi. Na alikuwa amekusudia hivyo hasa.

Alipopita jikoni aliona kitu kipya kinanguruma ukutani. Friji, jeupe, lenye vipande vya katoni bado kwenye pembe zake. Twiga alikuwa akilipanguza kwa kitambaa. "Limeletwa jana," alinong'ona bila kuinua macho. Kando yake mwanamke mgeni alikuwa amevaa aproni ya Shangazi.

Ofisini alimkuta Bwana Funguo, na mwanamume mwenye faili, kikombe cha chai kimefika nusu. Ni afisa wa afya. Alikuwa mtu wa adabu. Alimpisha kiti, akampa pole ya mdogo wake, kisha akasoma. Vijidudu vilivyopatikana katika matapishi ya wagonjwa na vilivyopatikana kidoleni mwa mpishi ni vya aina moja.

"Ni kweli," alisema Shangazi.

"Chanzo cha tukio: mpishi kuficha jeraha."

"Hapo si kweli. Sikuficha. Karatasi ya tabibu nilimpa huyu."

Bwana Funguo alipapasa mfuko wa shati, mtupu, kama mtu anayetafuta kiberiti. "Karatasi gani, Shangazi?"

"Na friji?" Shangazi alimgeukia afisa. "Kuhusu friji mmeandikaje?"

"Friji tumelikagua leo saa tatu. Linafanya kazi vizuri. Digrii nne."

"Hilo limeletwa jana!"

"Mimi naandika ninachokiona, mama."

"Yule binti wa maabara aliandika. Aliniambia ataandika."

Afisa alifunga faili polepole. "Maabara kazi yake ni vijidudu. Mambo ya friji na karatasi za mapumziko si ya maabara. Ukurasa ule uliondolewa kwa sababu za kiutaratibu. Naye ameelekezwa."

Bwana Funguo alimsogezea karatasi iliyopigwa chapa, aya moja fupi. Saa saba, alisema, wafanyakazi wakiwa wamejipanga, aisome kwenye kipaza sauti. Akiisoma, mambo yanaishia hapo, hakuna polisi. "Na mdogo wako akishajifungua salama, Inshallah, kiti chake atakikuta. Mimi si mtu mbaya, Shangazi. Nina wakubwa wangu na mimi."

Saa saba walimsimamisha kwenye kizingiti cha kantini. Uwanja ulikuwa umejaa, sahani mikononi, nyuso nyingi bado zina rangi ya majivu. Alimwona fundi wa vifungo mstari wa pili. Hakuna aliyemwita Shangazi.

Alishika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto.

"Mimi, mpishi wa kantini hii," alisoma, "naomba radhi kwa wafanyakazi wenzangu wote kwa maumivu niliyowasababishia." Akaacha kusoma. Akawatazama. "Hili nalisema kwa moyo wangu, si kwa sababu limeandikwa. Nimewaumiza. Usaha ulitoka kwenye kidole changu, na mdogo wangu mwenyewe nilimwekea mara mbili. Nisameheni."

Mwanamke mmoja mbele alianza kulia. Bwana Funguo, aliyesimama ubavuni, alitikisa kichwa kumwambia aendelee.

"Nakiri kwamba nilificha..." Akakwama. Akairudia kwa macho. Aliwaza kile kiti cha laini ya tatu, akayaona magoti ya mdogo wake yameinuliwa juu ya mto. Alijaribu tena. "Nakiri kwamba nilifi..."

Neno halikutoka. Si kwamba alikuwa jasiri. Alilisukuma kama mtu anavyosukuma mlango, na likagoma.

"Hapa pameandikwa nilificha," alisema. "Sikuficha. Jumatatu nilikwenda zahanati, nikapewa siku tatu. Nikaambiwa nikae nazo milele au nipike. Nikapika. Kuku wenu walilala sakafuni usiku kucha, friji lilikuwa limekufa wiki tatu. Hilo mnalolisikia likinguruma ni la jana. Na mnajua kwa nini walilala? Kwa sababu mmenyimwa dakika kumi na tano za kutoa mfupa mdomo..."

Kipaza sauti kilizimwa. Bwana Funguo alikuwa ameshika waya. Shangazi aliendelea kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya dirishani, iliyofika mistari mitatu tu ya mbele. Aliwaeleza alichoelezwa: wale wa mviringo, wanaokaa kama zabibu, ambao kila mtu anao. Kwamba wanachohitaji ni chakula kilichopikwa mapema kikakaa kwenye joto. Waliokuwa mbele wakageuka wakawaambia wa kati. Wa kati wakawaambia wa nyuma. Ungeweza kuyaona maneno yakisafiri, vichwa vikigeuka mstari kwa mstari mpaka ukutani.

"Imetosha!" alisema Bwana Funguo. "Chakula! Zimebaki dakika kumi na nane, jamani, chakula!"

Mstari ulisogea dirishani. Wa kwanza alikuwa fundi wa vifungo. Mpishi mpya aliinua upawa. Fundi hakunyoosha sahani.

"Samahani, dada," alisema. "Hiki kimepikwa saa ngapi?"

Mpishi mpya alimtazama Bwana Funguo.

"Kula, bwana, acha maswali," alisema Bwana Funguo.

Fundi alisogea kando na sahani yake tupu. Akaja wa pili, mwanamke wa laini ya kwanza.

"Kimepikwa saa ngapi?"

Na wa tatu. Hawakupiga kelele, hawakugoma. Waliuliza kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaouliza njia, na kila aliyekosa jibu alisogea kando. Wengine, wenye njaa zaidi au wenye woga zaidi, walipokea wakala wakiwa wameinamisha vichwa. Hakuna aliyewacheka. Twiga alisimama nyuma ya sufuria, midomo imebanwa. Mara akasema, kwa sauti ya juu kuliko yote aliyowahi kuitoa pale jikoni: "Wali ni wa leo. Nyama ni ya jana."

Kengele ilipolia, zaidi ya nusu ya sahani zilirudishwa safi. Watu wakaingia ndani na njaa zao. Dakika ishirini na tano ni dakika ishirini na tano. Cherehani moja ikaanza, kisha laini nzima, kisha zote.

Shangazi alitoka peke yake hadi getini. Mlinzi, mtu mzima ambaye kila siku alipelekewa ukoko wa wali kwenye bakuli lake, alisimama aliposikia hatua. Alikuwa ameshapigiwa simu. Alinyoosha mkono bila kumwangalia, na Shangazi akavua kadi yake ya kazi shingoni, akampa.

"Nisamehe, Shangazi. Wamesema nichukue na ya mdogo wako."

Shangazi alisimama pale, nusu ndani nusu nje.

"Yake amelala nayo wodini," alisema. "Waambie waje wenyewe wamvue."

Mlinzi akafungua geti. Akalishikilia wazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Shangazi alipovuka barabara kuelekea hospitali.